Kisima cha Wakfu na Anayekitunza

(Haya ni maneno niliyoyasema Chake Chake mbele ya wenzangu wa programu huria, zile ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzitumia na kuzibadilisha, jioni ya mwisho ya mafunzo yetu. Wenzetu wa Unguja waliokosa boti waliniomba niyaandike. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.)

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wetu mliokaa mbele, maalim wenzangu, vijana wangu, na nyinyi kina mama mliokuwa jikoni tangu alfajiri ya jana: nawashukuru kwa kunisikiliza saa hii ambayo kila mtu keshachoka.

Nianze na kisima. Nimekulia kijiji kimoja nje ya Wete, na karibu na msikiti wetu palikuwa na kisima cha wakfu. Aliyekiwakifu alifariki kabla mama yangu hajazaliwa. Maji yake yalikuwa ya kila mtu: wa kijijini, mpita njia, hata wachukuzi wa karafuu waliokuwa wakishusha magunia pale kupumzika. Hakuna aliyeulizwa yeye mtoto wa nani. Lakini kamba ilikuwa ikikatika, ndoo ilikuwa ikitoboka, na majani ya mwembe yakianguka ndani. Na palikuwa na mzee mmoja ambaye kila baada ya siku chache ungemkuta amekaa ukingoni, kamba imelala mapajani, anaikagua kwa vidole shubiri kwa shubiri, na akifika palipochakaa anakata na kuunga upya. Nilipokuwa mdogo nilidhani anafanya vile kwa kuwa hana kazi nyingine.

Babu ndiye aliyenieleza. Yule aliyewakifu kisima aliwakifu pamoja nacho mikarafuu minane, na akaweka sharti: vuno la mikarafuu ile linunue kamba na ndoo, na kitakachobaki apewe anayekitunza kisima. Babu alilitaja sharti hilo kama jambo la kawaida kabisa, kama vile mtu anavyokwambia kuwa nyumba huwa na mlango.

Siku mbili hizi tumekuwa tukijifunza Django. Mnajua ilikotoka? Ilianza katika chumba cha habari cha gazeti la mji wa Lawrence, Kansas, Marekani. Waandishi wa programu wa pale walitengeneza zana za kuwasaidia kujenga tovuti haraka, na mwaka 2005 wakazitoa kwa dunia nzima. Instagram ilipoanza 2010 ilijengwa juu yake. Na sisi hapa Chake Chake, kwa laptopu za kuazima, tumejenga juu yake daftari la maktaba ya skuli. Hatukulipa hata senti, na hatukuomba ruhusa kwa mtu. Hiyo kwangu ni wakfu, sina neno jingine linaloikaa vizuri zaidi.

Na kama wakfu yoyote, ina sharti. Jana niliwafungulia faili la leseni ya Django, mkaona lilivyo fupi. Unaruhusiwa kutumia, kubadilisha, hata kuuza. Ila ile hati ya umiliki, inayotaja taasisi ya Django na wachangiaji mmoja mmoja, usiifute. Fikirini hilo. Watu wamekuachia kazi ya miaka bure, na karibu kitu pekee wanachokudai ni kwamba usiwafiche waliofanya. Nitalirudia hili baadaye, kwa sababu sisi wenyewe tumelivunja.

Kwanza niulize: mikarafuu iko wapi?

Mwaka 2024 watafiti wa Harvard na wa Chuo Kikuu cha Toronto walikisia kuwa kama programu huria zisingekuwepo, makampuni yangelazimika kutumia mara 3.5 ya fedha wanazotumia sasa kwa programu. Thamani yote waliiweka kwenye dola trilioni 8.8. Mimi nikiona namba ya ukubwa huo macho yananipita tu, sitawadanganya. Kilichonikamata ni jambo lingine waliloliandika: asilimia 96 ya thamani hiyo inatokana na kazi ya asilimia 5 tu ya waandishi wa msimbo, yaani wanaoandika programu zenyewe. Yaani dunia nzima inateka maji, na wanaoshika kamba ni wachache mno.

Aprili 2014 iligunduliwa hitilafu iliyopewa jina la Heartbleed, ndani ya OpenSSL, programu inayofunga kwa siri mazungumzo kati ya kompyuta yako na benki, au hospitali, au mtu unayemwandikia barua. Karibu seva nusu milioni, yaani kompyuta zinazohudumia tovuti, zilizokuwa zikiaminika ziligundulika kuwa na upenyo. Watu walipouliza nani anaitunza programu hii, jibu likatia aibu: mtu mmoja ndiye aliyekuwa akiifanyia kazi siku nzima, wengine wachache wakijitolea, na michango iliyokuwa ikiingia ilikuwa kama dola 2,000 kwa mwaka. Makampuni tajiri kuliko nchi nyingi yalikuwa yanakunywa hapo. Baada ya ajali ndipo fedha zikapatikana.

Kisa cha pili ni cha karibu zaidi, nacho ndicho kinachoniuma. Ipo programu ndogo inaitwa xz, kazi yake ni kubana mafaili yawe madogo. Imo karibu kila mahali palipo na Linux, mfumo huria unaoendesha seva nyingi duniani. Kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja wa Finland, Lasse Collin, bila malipo. Mwaka 2022 watu wasiojulikana walianza kumwandikia wakimlaumu kuwa anachelewa, kuwa hafai, na kuwa awaachie wengine. Aliwajibu kwa upole kuwa amekuwa na matatizo ya muda mrefu ya afya ya akili, na akakumbusha kuwa hii ni kazi ya mapenzi isiyo na malipo. Wakati huohuo alikuwepo mgeni mmoja mwema sana, akijiita Jia Tan, anayeleta viraka, yaani marekebisho madogo ya programu, anayejibu haraka, asiyelalamika. Taratibu akaaminiwa, na mwisho akakabidhiwa funguo. Baada ya miaka zaidi ya miwili ya wema huo, akatia ndani mlango wa siri wa kuingilia seva za watu.

Ulifichuliwa Machi 2024 na mhandisi mmoja, Andres Freund, aliyeona kuingia kwenye seva kunachukua nusu sekunde zaidi ya kawaida, akakataa kulipuuza. Nusu sekunde.

Wengi husimulia kisa hiki kwa ajili ya nusu sekunde ile, na kweli inastahili. Lakini mimi humfikiria Collin, mzee wa kisima kile aliyechoka, ambaye mtu pekee aliyekuja kumwambia "hebu nikushikie kamba" alikuwa mwizi. Sisi wengine tulikuwa wapi? Tulikuwa tunateka.

Sasa niwape mfano wa mikarafuu. Django wenyewe walikuwa na tabu hiyohiyo. Kazi za kupendeza, kama kuongeza kitu kipya, zilikuwa na watu. Kazi za kuchosha hazikuwa nao: kusoma malalamiko mapya kila asubuhi, kukagua kiraka cha mgeni, kuziba matundu ya usalama kimyakimya, kutoa toleo kwa wakati. Mwisho wa 2014 taasisi yao ilianza kumlipa mtu mmoja, Tim Graham, afanye hayo. Sikilizeni vizuri: hakulipwa kubuni vitu vipya. Alilipwa kukagua kamba. Utaratibu huo unaendelea mpaka leo, na matoleo ya Django yanatoka kila baada ya miezi minane, kiasi kwamba mtu wa Chake Chake anaweza kupanga kazi zake za mwakani akijua. Kwa miaka kadhaa taasisi ile ilikuwa ikilenga kukusanya dola 200,000 kwa mwaka kwa shughuli zake zote. Kwa kitu kinachobeba tovuti nyingi hivyo, hiyo ni bei ya kamba tu.

Hata takwimu za vituo vyetu vya afya hupita kwenye programu huria, DHIS2, iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo. Ile imedumu kwa kuwa serikali ya Norway imeigharamia kwa miaka. Mtu kaiwakifia mikarafuu.

Na sisi je? Maana mtaniambia hayo ni mambo ya Marekani na Ulaya.

Visima vyetu tunavyo. Kimoja ni Kiswahili. Kiswahili kimo katika orodha ya lugha za Django, na hakikuingia chenyewe. Kila sentensi unayoisoma kuna mtu aliyekaa nayo. Yupo dada mmoja kati yetu, leo hayupo hapa kwa sababu ana mtoto mchanga, ambaye alimaliza jioni nzima kwenye neno moja. Swali lilikuwa "nywila" au "neno la siri"? Kamusi inataka nywila. Akamuuliza mama mkwe wake, ambaye ana simu na hana kompyuta. Mama akasema, "Nywila ndiyo nini, ndwele?" Dada akaandika neno la siri. Jioni nzima, bando lake mwenyewe, kwa maneno matatu. Lakini kuanzia siku ile mama yeyote atakayefungua ukurasa ule hatojiona mgeni.

Nani anayemjua dada huyo? Ukifungua faili la tafsiri la Django, juu kabisa, kabla ya neno la kwanza, utakuta safu ya majina ya watafsiri na miaka waliyofanya kazi. Ni mistari michache ambayo hakuna anayeisoma. Mimi nimewaona vijana wakiisoma. Nimewaona wakitelezesha kidole kwenye kioo, wakikuta jina la Kiislamu, jina la Kiafrika, wakanyamaza kidogo, kisha wakauliza, "Maalim, na mimi naweza?"

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi kubwa na ya fahari. Katika skuli zote nilizofundisha sijaikuta kwenye kompyuta hata moja. Fedha za mradi huwa na tarehe ya mwisho, na lugha inaendelea kukua siku inayofuata.

Nilisema tumelivunja sharti la majina. Niseme lilivyokuwa.

Miaka kadhaa nyuma vijana wetu wanne walitengeneza mfumo mdogo wa uandikishaji kwa ajili ya ofisi moja. Miezi mitano, usiku, baada ya kazi zao. Mimi ndiye niliyewaombea kazi ile, nikawaambia itawafungulia njia. Siku ya uzinduzi palitundikwa bango lenye nembo sita. Hotuba zikatolewa. Kijana aliyeandika zaidi ya nusu ya msimbo alikuwa nyuma ya ukumbi, ameinama, ameshika plagi ya eksitensheni iliyokuwa imelegea, kwa sababu akiiachia projekta inazima. Akakaa hivyo mpaka mwisho. Walishukuriwa waliolipia viti. Walishukuriwa waliolipia maji ya chupa. Mimi nilipewa dakika mbili za kuzungumza, na mimi pia nikashukuru wakubwa tu, nikakaa.

Baada ya mwezi kijana akaacha kuja. Alipata kazi ya mapokezi katika hoteli moja kaskazini mwa Unguja, na nilifurahi kwa ajili yake. Mwaka haukwisha seva ikahitaji kusasishwa, mfumo ukasimama. Ofisi ikanipigia simu: "Yule kijana wenu yuko wapi?" Hawakuwa wanalijua jina lake. Nilikaa na simu mkononi nikakumbuka kuwa nilikuwa na dakika mbili za kulisema, na sikulisema.

Ndiyo maana leo nasimama hapa. Nina mambo ninayotaka tukubaliane kabla hatujatoka.

Najua kuna watakaosema: sisi tunajitolea kwa thawabu, ukileta fedha unaharibu niya. Nalichukulia neno hilo kwa uzito, kwa sababu wengi wetu tuko hapa kwa niya hiyohiyo. Lakini niambieni, yule mzee wa kisimani alipopokea sehemu yake ya karafuu, kisima kiliacha kuwa wakfu? Masheikh wetu hawajaona ubaya msimamizi wa wakfu kupata ujira unaostahiki kutokana na wakfu yenyewe. Kinachoharibu niya ni mtu kujitolea mpaka akaanza kuichukia kazi, akaja kwa kuona haya tu, na siku moja asije.

Hofu ya pili ni ya kweli zaidi: fedha huvunja vikundi. Sote tumeshaona mchezo wa kuchangiana fedha ukivunjika kwa sababu mtunza fedha alikuwa mmoja na daftari lilikuwa kichwani mwake. Ziko jumuiya za programu zinazotumia mtandao wa Open Collective, ambapo kila shilingi inayoingia na kila malipo yanayotoka yanaonekana na mtu yeyote, hata asiye mwanachama. Hatuhitaji kuanza na teknolojia. Tunahitaji akaunti ya kikundi yenye saini tatu, mmoja wao wa Pemba lazima, na karatasi ya mapato na matumizi itakayobandikwa ukutani kila mwezi.

Na tahadhari moja kuhusu zawadi. Kampuni ya DigitalOcean ilianzisha 2014 mwezi wa Hacktoberfest: changia programu huria mwezi wa Oktoba, upate fulana. Nia ilikuwa njema, na wengi waliingia kwenye programu huria kwa mlango huo. Lakini 2020 watunzaji walifurikwa na michango ya ovyo, mtu anaongeza neno moja lisilo na maana ili ahesabiwe. Watu waliokwisha kuchoka wakalazimika kusafisha. Ikabidi kanuni zibadilishwe, mradi uhesabiwe tu ukiwa umeridhia wenyewe. Kwa hiyo tusitoe zawadi kwa kuhesabu viraka. Anayehesabiwa viraka ataleta viraka.

Ninachopendekeza ni hiki. Kila mwenye kipato kati yetu atoe shilingi 5,000 kwa mwezi, na asiye nacho asiulizwe. Tuko kama arobaini, hata nusu wakitoa ni laki moja. Matumizi ya kwanza yawe bando za watafsiri, kwa sababu ni aibu mtu atoe jioni yake kwa ajili yetu, kisha alipie na bando mwenyewe. Ya pili ni nauli za boti, maana mikutano ikiwa Unguja wenzetu wa Pemba hujilipia na sisi hujifanya hatuoni. Na ikifika laki tatu, tumpe mtunzaji mmoja posho ya miezi mitatu, kazi yake iwe kukagua tu: mifumo ya skuli tuliyokwisha kuiweka, kipi kimezeeka, kipi kimepasuka. Asiambiwe abuni kitu.

Ofisi na taasisi zitakazotuomba kazi, tuwaombe nazo sharti, kwa maandishi, kabla ya mstari wa kwanza wa msimbo. Majina ya waliofanya yawemo ndani ya mfumo, ukurasa wa mbele au wa mwisho, lakini yawemo. Na pawe na fungu la matunzo la mwaka wa kwanza, hata likiwa dogo. Watakaokataa, tuwaage kwa heshima.

Halafu daftari. Nimenunua daftari kubwa la kurasa mia mbili, lile la jalada gumu. Ndani yake nataka aandikwe kila aliyefanya, na simaanishi waandishi wa msimbo peke yao. Aliyefundisha, aliyetafsiri, aliyeandika maelezo, aliyekaa na mgeni saa nzima kumwekea Python, lugha inayoandikiwa Django, kwenye laptopu ya zamani. Aliyebeba jenereta jana umeme ulipokatika. Kina mama hawa, kwa majina yao kamili, si "kamati ya chakula". Kila mwaka daftari litasomwa kwa sauti mbele ya watu, jina kwa jina, tuchoke kusikiliza.

Yule kijana wa plagi nilimpigia simu juzi kumwomba ruhusa ya kuliandika jina lake. Amekubali. Nimeliandika mstari wa kwanza.

Daftari liko mezani pale mlangoni, kalamu ziko mbili. Andikeni kwanza la mwenzenu mliyemwona akifanya, kisha lenu. Chakula kiko tayari.

Ahsanteni sana.